Roboti limenipungia mkono! Hawa jamaa wa roboti za baharini wametudharau vya kutosha

Mtu wa Visiwani (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa natetemeka kwa hasira, herufi zikipishana mtanisamehe. Nimetoka zamu ya usiku, viatu sijavua, nafungua simu nakutana na barua pepe ya wale jamaa. Kichwa chake: "Habari njema kwa wanahisa wetu." Chini yake picha ya lile roboti lao la rangi ya chungwa, limenyanyua mkono juu. Linanipungia. Linanipungia MIMI.

Habari njema yenyewe ni kwamba kila hisa 30 sasa zinakuwa 1. Nimeenda kazini nina hisa 900, nimerudi nina 30. Wanadai thamani haijaguswa maana bei nayo inazidishwa mara 30, kutoka senti 40 hadi dola 12. Haya. Soko limefunguliwa asubuhi hii hii na kufika saa nne bei ilikuwa dola 8, inateremka kama inakimbizwa na mbwa. Na roboti bado liko pale kwenye barua, mkono juu, meno nje. Roboti lina meno ya nini baharini? Linatafuna mabomba?

Kampuni siitaji. Mnawajua. Ni wale waliozunguka kila mahali 2021 na video ya roboti linazama peke yake bila waya. Walisema meli kubwa za kushusha roboti zinakula makumi ya maelfu ya dola kwa siku, wao watatumia kimeli kidogo na watu wachache. Mabomba ya mafuta wangekagua wao, nguzo za mitambo ya upepo wao, bahari nzima ya dunia ingekuwa yao. Walituonyesha grafu ya mapato imesimama wima hadi inatoka nje ya ukurasa. Halafu wakaingia sokoni kwa mlango wa uani, kwa kuungana na kampuni hewa isiyo na kiwanda, isiyo na bidhaa, yenye akaunti ya benki tu. Siku ya kugonga kengele bosi wao alilia machozi. Mimi nikiwa ghalani Texas nimeweka simu juu ya boksi nililia naye. Mungu anisamehe.

Hela ile ni ya maboksi, wakuu. Na sikuinunua hisa ile kwa tamaa. Mimi ni mtu wa Ukerewe. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara nilikuwa tayari huku Marekani, nafuatilia kwenye simu wazamiaji wakihangaika, na walikufa watu zaidi ya 200. Kwa hiyo walipokuja watu na chombo chenye mikono, kinashuka chini kinakata chuma kinafungua mlango, niliona siku moja kinaweza kuegeshwa Mwanza. Niliamini. Na hiyo mikono, ile ile, ndiyo leo inanipungia!

Wangeandika "tumeshindwa, poleni", ningelala. Wameandika HABARI NJEMA.

Sangara Mkavu

Nimekaa pale, nimeagiza na kahawa.

binti_pwani

Hapo kwa Ukara sina neno, pole sana kaka. Ila kwenye roboti nimecheka mpaka mtoto kaamka. Wewe angalau umepungiwa. Mimi kuna watu walikula hela yangu ya upatu wakazima simu, hata kwaheri sikupata.

Kijana wa Bandarini

Tupia hiyo picha tuone kama kweli ni meno, isije ikawa ni taa.

Mtu wa Visiwani

Ni meno. Wamelichorea.

Mhasibu Mstaafu

Mdogo wangu, tulia nikueleze, maana humu wengi watacheka na kesho watanunua kitu hicho hicho.

Huo mlango wa uani una utaratibu wake. Watu wachache wenye majina wanaanzisha kampuni hewa, SPAC wanaiita, wanaiingiza sokoni kwa dola 10 kwa hisa. Hela za wawekezaji zinafungiwa kwenye akaunti ya amana. Waanzilishi kwa kawaida wanajichukulia takriban asilimia 20 ya kampuni kwa dola 25,000 tu. Umesoma vizuri: elfu ishirini na tano. Wana kama miaka miwili ya kutafuta kampuni ya kweli ya kuungana nayo, na wasipopata hela zinarudi kwa wenyewe. Sasa jiulize, mtu aliyeweka 25,000 akiona bora aungane na chochote au arudishe hela, atachagua nini?

Halafu kuna kitu ambacho wengi wenu hamkujua. Kabla ya muungano, kila mwenye hisa alikuwa na haki ya kuzirudisha akapewa dola zake 10 na faida kidogo. Mifuko mikubwa ndivyo ilivyofanya, na waranti zao za kununua hisa baadaye wakabaki nazo. Kwa hiyo kampuni ya roboti ilipofika sokoni ikakuta ile akaunti imebaki vumbi. Aliyebaki ndani ni wewe uliyekuwa unalia na bosi.

Na hiyo 30 kwa 1 ina sababu. Kwenye Nasdaq, lile soko la hisa la Marekani, hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo unaandikiwa barua, kisha una siku 180 za kujirekebisha au unafukuzwa. Kuunganisha hisa ndiyo njia ya mkato ya kuipandisha bei kwenye karatasi.

Mwaka 2021 peke yake kampuni hewa zaidi ya 600 ziliingia kwenye masoko ya Marekani. Kuna ya malori ya umeme, Nikola, iliyopita mlango huo 2020. Baadaye ikajulikana kuwa kwenye video ya matangazo lori lilikuwa linaserereka mteremkoni, haliendi kwa injini yake. Virgin Orbit, ya kurusha satelaiti, iliingia Desemba 2021 na Aprili 2023 ikaomba kulindwa na mahakama ya mufilisi. Zile grafu za mapato unazozisema, kampuni inayoingia kwa njia ya kawaida inaogopa kuzionyesha kwa sababu ya kushtakiwa. Hawa walizimwaga bila woga, hadi Januari 2024 wasimamizi wa mitaji wa Marekani walipobana sheria.

Mtu wa Visiwani

Mzee wangu shikamoo, nimekuelewa na nashukuru. Lakini hakuna sheria hapo inayosema roboti lazima linipungie. Wangeunganisha hisa kimya kimya. Kuna mtu pale ofisini amekaa, akafikiri, akasema "tuweke na roboti linapunga mkono," na wenzake wote wakakubali. Huyo mtu nataka kumwona.

Sangara Mkavu

Marahaba kwa niaba ya mzee. Endelea.

kaka254

Wacha nikuambie boss, sisi Kenya tulipitia hii kitambo. 2008 tulipanga laini kununua hisa za kampuni ya simu kwa shilingi 5, watu wakakopa benki, wengine wakauza ng'ombe. Hisa zilikuwa zinatakiwa zaidi ya mara nne ya zile zilizokuwepo, kwa hivyo ukiomba nyingi unapewa kidogo. Riba ya mkopo haikupewa kidogo. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Mjomba wangu mpaka leo akisikia neno hisa anatoka sebuleni.

Ngosha Halisi

Mjomba wako angevumilia ile hisa ilikuja kupanda mpaka zaidi ya 40. Mlikosa subira.

kaka254

Subira na loan ya benki vinakaa nyumba moja? Wewe umewahi kukopa?

Mwana wa Kigali

Naomba niongeze, kwa sababu watu wanafikiri mambo haya yanaishia New York. Babylon ya Uingereza, ile ya kutibiwa kwa simu, iliingia soko la Marekani Oktoba 2021 kwa mlango huo huo wa kampuni hewa, ikiwa na thamani ya dola bilioni 4.2. Hapa Rwanda ilikuwa na tawi, Babyl, lililosajili watu zaidi ya milioni 2. Mtu wa kijijini alikuwa anapiga simu anaongea na muuguzi, anatumiwa namba ya dawa. Kule hisa zikaporomoka, nao wakaunganisha 25 kwa 1, na 2023 kampuni ikafa. Babyl nayo ikafungwa. Mgonjwa hakuwa na hisa hata moja lakini hasara ilimfikia.

kaka254

Na Swvl je? Ile ya mabasi ya kuita kwa simu, ya Wamisri. Machi 2022 wameingia Nasdaq kwa kampuni hewa, thamani kama bilioni moja na nusu. Kabla mwaka kuisha walikuwa wamesimamisha mabasi ya ndani ya Nairobi. Januari 2023 nao 25 kwa 1. Tukarudi kwa matatu.

Mtu wa Visiwani

Mnaona? Wote walipewa 25 kwa 1. Sisi 30. Hata kwenye kudharauliwa tumepunjwa. Na nina uhakika hao wa mabasi hawakutumiwa picha ya basi linapunga mkono!

Fundi wa Kebo

Mimi nafanya kazi ya mtandao, nina swali moja kwa mleta uzi. Hilo roboti limewahi kufanya kazi gani ya kweli? Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania nzima ikawa inasukuma intaneti kwa dua, iliyotumwa ni meli Léon Thévenin kutoka Cape Town. Ina mabaharia wanaokula na kulala humo, na imejengwa 1983. Huko kwenye kina kirefu kebo inatafutwa kwa kulabu inayoburuzwa chini. Meli ya miaka arobaini ndiyo iliyotuokoa. Haya makampuni ya video yalikuwa wapi?

binti_pwani

Umenikumbusha mbali. Wiki ile bando langu la mwezi liliisha muda wake bila kufungua hata picha moja. Nani alinirudishia?

Kijana wa Bandarini

Usiseme bando, utanitoa machozi. Bando linaisha simu iko mfukoni imezimwa!!

Ngosha Halisi

Kweli kabisa. Unanunua GB, unaangalia video moja ya mahubiri, unaambiwa umetumia asilimia 75. Mahubiri ya dakika kumi.

Mtu wa Visiwani

Wakuu turudi kwenye mada. Roboti.

Mmakonde Asilia

Mada ni bahari, basi ngoja niwaambie kuhusu bahari. Sisi wa Kusini tuna gesi chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000 huko mbele ya Lindi na Mtwara. Tumeambiwa tangu 2010 na kitu inakuja, inakuja. Mitambo ya kusindika gesi Likong'o tunaisikia kwenye hotuba tu. Kuna watu walikopa wakajenga nyumba za wageni wakisubiri wazungu wa gesi, leo wanalaza mbuzi. Mleta uzi umesubiri miaka mingapi? Sisi watoto waliozaliwa mwaka wa hotuba ya kwanza wanaingia sekondari. Na hatukupungiwa na roboti wala na binadamu.

Sangara Mkavu

Huu uzi sasa kila mtu kaja na msiba wake.

Mzee wa Chanika

Nimesoma vyote. Mwanangu, hela hiyo hiyo ungenunua kiwanja Chanika. Ardhi haiunganishwi 30 kwa 1.

Dada Mkuu

Mzee shikamoo, lakini hapo usimdanganye mtoto wa watu. Mimi nilinunua kiwanja Chanika 2019, miguu 20 kwa 20, nikaandikishiana mpaka serikali za mtaa. Nimerudi Desemba nakuta mtu kapiga msingi na anamwagilia zege. Ana karatasi kama zangu, muhuri ule ule, mwandiko ule ule. Na mwenzake wa tatu akatokea siku ile ile naye ana zake. Ardhi nayo inaunganishwa, tena watu watatu kwa kiwanja kimoja.

Ngosha Halisi

Aisee. Dalali alikuwa nani?

Dada Mkuu

Jina silitaji, watu wa Chanika wanamjua. Anavaa kofia nyekundu ya pamba hata jua likiwa kali, na pikipiki yake haina namba.

Kijana wa Bandarini

Subiri kwanza. Ana jino la dhahabu juu kushoto? Anakuita "mwekezaji wangu"?

Dada Mkuu

HUYO HUYO!

Mtu wa Visiwani

Jamani, na mimi bei imefika dola 7. Kuna mtu anasoma?

Kijana wa Bandarini

Dada, karibu na msikiti mpya, kona yenye mwembe?

Dada Mkuu

Mwembe ameukata huyu wa tatu. Wewe ni nani? Ndiye unayemwagilia zege?

Kijana wa Bandarini

Mimi ni wa nne. Njoo PM na karatasi zako.