Wauzaji wa vyungu vya maua Malindi, chungu kisicho na tundu ni bakuli!

Jamani, yamezidi. Vyungu vimepangwa kando ya barabara, vimepakwa rangi, vingine vina nakshi hadi ukingoni. Kipindue kimoja utazame kitako: hakuna tundu hata la kupitisha njiti ya kiberiti. Ukiuliza unaambiwa "tia kokoto chini, maji yatashukia huko."

Uongo mtupu. Udongo hushika maji kama sponji, hauachilii tone kwenye kokoto mpaka uwe chepechepe. Ukijaza kokoto sentimita 5 umelipandisha tope sentimita 5 karibu na mizizi, basi. Mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yanalegea, na mwenyewe akidhani ni kiu anazidisha maji. Shubiri ngapi zimekufa hivyo!

Chungu cha upana wa sentimita 20 kinataka matundu 3 au 4, kila moja kama sentimita 1. Mfinyanzi huyatoboa kwa kijiti udongo ukiwa mbichi, kazi ya dakika moja. Kikishachomwa ni shughuli: kiloweke usiku kucha, kifudikize juu ya mchanga, bandika selotepu pa kutoboa, tumia biti ya ukutani, drili iende polepole bila kugonga, huku unadondoshea maji. Ukikandamiza, kinapasuka. Mteja alipe chungu, alipe na fundi wa drili?

Na hivi vya simiti! Kikiwa kipya kinatoa chokaa, na majani machanga ya mimea mingi yanakuwa manjano huku mishipa imebaki kijani. Kiloweke wiki nzima, maji ubadilishe kila siku. Wanaochanganya simiti na mchanga wa ufuoni wenye chumvi, hao sina la kuwaambia.

Halafu mnamsukumia mtu chungu kama pipa kwa kimche cha kiganja. Kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Udongo usio na mizizi ya kunyonya maji yake unabaki rojorojo.

Plastiki si mbaya, inahifadhi unyevu, ila nyeusi msiiweke juani, inachemsha mizizi.

Ule weupe unaotoka ubavuni mwa chungu cha udongo ni chumvi, na kwa maji yetu ya visima ni lazima uje. Dawa yake ni kumimina maji ya mvua polepole, mara 2 au 3 ya ujazo wa chungu, yatoke chini. Yatoke wapi, enyi wauzaji?

Anayemjua mfinyanzi anayetoboa kabla ya kuchoma aseme hapa, na bei.