MJADALA: Mwenye leseni ya silaha apimwe shabaha kila mwaka, au aachwe na silaha yake?

Mwanzisha mada (Dar es Salaam):

Wakuu, siku hizi tukikutana wapenda silaha habari ni zile zile. Fulani kachukua bastola ya CZ, fulani kauza Taurus yake kaongezea hela kapata Glock, fulani kibali kimetoka na wiki ijayo anafuata shotigani yake dukani. Tunaonyeshana, tunabishana triga ipi laini, magazini ipi inabeba nyingi, ipi inastahimili chumvi ya pwani bila kuota kutu. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe ni mgonjwa wa vitu hivi. Ila ukiuliza "umeshapiga risasi ngapi tangu uichukue?" watu wanaangalia simu. Mmoja boksi lake la risasi hamsini hajalifungua tangu mwaka juzi, na bastola anatembea nayo kila siku.

Hoja yangu ni hii, mnishambulie mtakavyo: kila mwaka mtu anapokwenda kulipia leseni, apimwe shabaha. Akishindwa, silaha ibaki polisi mpaka afaulu.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 imeweka mlango mgumu wa kuingilia. Uwe na miaka 25, akili timamu, usiwe na rekodi ya jinai, na ujue kutumia unachoomba. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kamati za ulinzi na usalama, unapigwa alama za vidole, wengi wanachoka njiani. Ukishavuka, kwa ninavyoona mimi na wenzangu, unaulizwa stakabadhi na namba ya silaha, basi. Hata uhakiki wa mwaka 2016, ule ambao Rais Magufuli naye alihakiki silaha zake, kazi yake ilikuwa kujua nani ana nini. Kama mkono wa mwenye nayo bado unaweza, hilo ni swali jingine.

Na bastola si mchezo. Mtutu mfupi, kiganja kinatetemeka, giza, watoto wanalia chumba cha pili. Hatua saba tu zinatosha mtu ambaye hajafanya mazoezi kukosa mlango mzima. Risasi ya 9mm ikikosa mwizi haisimami hewani, inatafuta pa kutua. Sasa fikirieni Manzese au Tandale, nyumba zimebanana, mabati na kuta nyembamba, jirani kalala upande wa pili. Mtu mwenye leseni halali kabisa anaweza kumuua mtoto wa jirani akiwa anajilinda kihalali kabisa. Hilo ndilo linanikosesha usingizi kuliko majambazi.

Mkulima (Kilombero):

Mkuu, umeandika kama mtu anayeishi jirani na uwanja wa shabaha. Mimi bunduki yangu ni shotigani ya mitutu miwili, nimeichukua kwa sababu ya nguruwe pori na nyani. Mpunga ukianza kuchanua silali. Risasi moja naihesabu kama mtu anavyohesabu nauli, siipigi mpaka nimehakikisha. Wewe unataka niitoe shambani, nipande nayo basi mpaka mjini, nikatoboe karatasi mbele ya askari, nirudi. Wiki hiyo mpunga ananilindia nani?

Halafu kuna magobore. Mwezi Novemba 2022 serikali ilitoa msamaha, asiye na kibali asalimishe silaha bila kushtakiwa. Kuna waliorudisha, na wapo ambao mpaka leo wanaingia nazo porini na baruti yao ya kienyeji. Hao wana shabaha kukuzidi, wanawinda kila wiki. Mtihani wako hautawagusa maana hawapo kwenye daftari. Utanikamata mimi niliyejitokeza.

Kijana wa Mwanza:

Mimi swali langu jepesi, kwa nini raia mwenye sifa zote asiruhusiwe SMG, yaani bunduki ya kivita inayomimina risasi? Majambazi wanazo.

Mwanzisha mada:

Kwa sababu nchi yetu imesaini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na humo bunduki za kivita zimezuiwa mikononi mwa raia. Tusipoteze uzi kwa hilo, mdogo wangu.

Askari mstaafu:

Nimewasoma wote. Mwanzisha mada, unapima kitu kisicho na tatizo kubwa.

Julai 2015 kituo cha polisi Stakishari, hapo hapo Dar, kilivamiwa usiku. Waliuawa askari na raia, wavamizi wakaondoka na bunduki. Aprili 2017 Kibiti, askari wanane waliuawa wakiwa wanarudi kutoka lindo, silaha zikachukuliwa. Wale askari walikuwa watu waliofundishwa, wamekwenda renji (uwanja wa shabaha), wako kundi, wana silaha kubwa. Haikuwasaidia, kwa sababu aliyekuvizia yuko tayari na wewe hauko tayari. Sasa wewe raia na bastola yako kiunoni, shati limepanda, kila mtu baa nzima anaiona kitako. Nani kakwambia mwizi anaiogopa? Mwizi anaitaka. Pesa atatumia wiki moja, bastola atafanyia kazi miaka.

Mimi ningepewa nafasi ya kupima, nisingekupeleka uwanjani. Ningekuja nyumbani kwako bila taarifa. Nionyeshe kasha la chuma, limefungwa ukutani au linabebeka? Ufunguo nani anao? Risasi zimekaa wapi? Mke anajua namba, watoto je? Na ukifa leo, familia inajua kwamba leseni inaishia kwako na silaha inatakiwa ipelekwe polisi? Nimeshuhudia bunduki ya marehemu imekaa juu ya kabati, mpaka wajukuu wanaichezea.

Mfanyabiashara (Kariakoo):

Shikamoo mzee. Uliyosema kuhusu kasha ni kweli, lakini mimi namuunga mkono mwanzisha mada, na naongeza.

Nina duka la jumla na nafunga usiku na pesa mkononi. Bastola nimenunua mwaka huu, baada ya kuvamiwa. Nilipofika kwa wenzangu kuuliza nichukue ipi, kaka zangu wote wakanishauri ndogo, eti ya kike, inaingia kwenye mkoba. Hakuna aliyeniambia kwamba bastola ndogo inarusha mkono zaidi na ni ngumu kulenga kuliko kubwa. Nililijua nilipopiga mwenyewe. Nikachukua ya ukubwa wa kawaida, na mazoezi nafanya. Nipimwe hata kesho.

Ila wapimwe wote. Tunaingia benki tunamkuta mlinzi kasinzia na shotigani imeelekea miguuni mwa wateja. Yule alipimwa shabaha mara ya mwisho lini? Uganda, Mei 2023, waziri Charles Engola aliuawa kwa risasi nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe. Mnazungumzia raia wenye leseni kama ndio pekee wenye silaha mitaani. Kampuni za ulinzi zina mtu mpya kila mwezi, bunduki ni ile ile.

Mkenya (Nairobi):

Habari zenu majirani. Huku kwetu Desemba 2018 Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya, wakapewa siku 90. Kulikuwa na kelele nyingi sana, lakini angalau serikali ilijua nani yuko hai, nani amehama, nani hafai.

Kuhusu mazoezi, wengi wetu tunakumbuka Westgate, jumba la maduka hapa Nairobi lililovamiwa na magaidi tarehe 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa. Kati ya walioingia mapema kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni, pamoja na polisi waliovaa kiraia, bastola dhidi ya bunduki za kivita. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta, ni mmoja wao. Tangu hapo kila mnunuzi wa bastola hapa Nairobi anajiona ni yeye. Wenzangu, wale waliofanya kazi siku ile walikuwa wamezoea silaha zao na walitembea kwa kulindana. Mtu aliyenunua Jumatatu na hajawahi kuipiga angeua waliojificha chini ya meza.

Hapa Kirigiti, Kiambu, tuna uwanja mzuri, hata mashindano ya Afrika ya IDPA, ya shabaha ya bastola za kujilinda, yamefanyika pale. Lakini semeni ukweli, nani anaenda? Wenye pesa. Mfugaji wa Baringo hajui Kirigiti iko upande gani.

Mwanzisha mada:

Mzee wangu, kasha nakubali likaguliwe, na ukaguzi wa kushtukiza uwepo. Sioni kwa nini kimoja kifute kingine. Uliyoyataja ya Stakishari na Kibiti yanahusu kuvamiwa na kundi. Mimi nazungumzia usiku wa kawaida, mtu mmoja anafungua dirisha lako. Hapo ndipo raia wengi wanapofyatua.

Dada wa Kariakoo, walinzi waingie kwenye orodha, tena wa kwanza.

Ndugu yangu wa Kilombero, wewe sitakuweka kwenye mizani moja na mtu wa Masaki. Shotigani ipimwe kwa kazi yake: hatua ishirini, risasi tatu, kwenye wilaya yako, msimu ambao hamna mavuno. Bastola ya mjini ipigwe risasi kumi, tano kati ya hizo ukiwa umekimbia mita hamsini kwanza, mapigo yamepanda. Kumi tu. Asiyeweza kuweka saba kwenye karatasi ya ukubwa wa kifua cha mtu, kwa umbali wa chumba na sebule, hana sababu ya kutembea nayo kwenye daladala.

Mkulima (Kilombero):

Hatua ishirini sina shida nazo. Sasa nijibu mambo mawili. Hizo risasi tatu analipa nani, mimi au serikali? Na askari atakayenipima, yeye alipimwa na nani?

Askari mstaafu:

La pili nitalijibu mimi, maana nimewahi kusimamia renji. Nipe mpaka jioni, nitaandika kirefu, na wengine hawatalipenda.