Sikukuu, vishawishi vya chakula na majuto kwa anayeishi na kisukari

Tulizo aliuliza:

Salaam, ndugu zangu. Ninaishi na kisukari cha aina ya 2, na ninatumia vidonge vya metformini pamoja na gliklazidi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka sukari yangu hutulia, na hata kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu hutoka na majibu ya kuridhisha. Taabu yangu huanza sikukuu zinapokaribia. Siku hizo watu hawali kwa sababu ya njaa peke yake. Wanakula kwa sababu chakula kimepikwa kwa upendo, mwenyeji anawatazama, na kila aliye mezani anakula kile kile. Nikikataa naonekana ninajitenga, na nikikubali nakaa nikijilaumu hadi usingizi unapaa.

Yanayoniumiza zaidi ni yale yanayofuata. Nikishaonja kitu kitamu najiambia kwamba siku imekwisha kuharibika, basi naongeza. Glukomita, yaani kifaa cha kupimia sukari, siigusi, kwa kuwa naogopa nitakachokiona, na kesho yake nashinda bila kula ili kufidia. Naomba wenye uzoefu mnieleze: mnazipitaje siku hizi bila kuwa wapweke mezani na bila kubaki na majuto kwa muda mrefu? Na je, huku kushinda na njaa kunasaidia chochote?

Muuguzi wa Kliniki alijibu:

Ndugu Tulizo, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Gliklazidi hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na hufanya hivyo hata kama tumbo ni tupu. Ukimeza kidonge hicho kisha usile, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, ukaanza kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo, lakini wewe unatumia zote mbili. Sukari ikikushuka hivyo, kunywa au kula kitu chenye takriban gramu 15 za sukari inayoingia haraka mwilini, kama nusu glasi ya juisi au kijiko kikubwa kimoja cha sukari kilichokorogwa katika maji, kisha pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Keki na chokoleti hazifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa mafuta yaliyomo huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Kwa hiyo njaa ya kufidia naomba uiache kabisa, pamoja na ile ya kujinyima kuanzia asubuhi ili ule vizuri jioni, ambayo humfikisha mtu mezani akiwa na njaa isiyomwachia nafasi ya kuchagua.

Kuhusu vishawishi vyenyewe, wengi hufikiri adui ni kitu kitamu peke yake, huku wali, mkate, viazi na vinywaji vikipita bila kuhesabiwa. Mwili huhesabu wanga wote. Ukitaka kula kipande cha keki unachokipenda kweli, punguza wanga mwingine katika mlo huo, usiuongeze juu yake. Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo iwe nyama, samaki au maharage, na robo iwe wanga. Anza na mboga na nyama, wanga ufuate mwishoni, kwa maana mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda. Na ukiweza kutembea kidogo baada ya kula, tembea, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini isipofanya kazi vizuri.

Niseme pia neno moja juu ya pombe kwa wanaoitumia: ini likiwa linashughulika nayo hupunguza kutoa sukari, kwa hiyo anayetumia insulini au vidonge vya kundi la gliklazidi anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye, hata usingizini. Asinywe akiwa hajala.

Aina ya Kwanza alijibu:

Nakubaliana na muuguzi, nami nataka kuongeza juu ya majuto, maana naamini yanakuharibia zaidi kuliko keki. Yatazame uliyoyaeleza mwenyewe: baada ya tonge la kwanza, kilichokufanya uongeze, uache kupima na ushinde na njaa kesho yake ni hukumu uliyojipa. Mlo mmoja ungeisha baada ya saa chache, ila hukumu ile iliurefusha ukawa siku mbili.

Hukumu hiyo ina historia. Kabla ya insulini kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1922, njia kuu ya kurefusha maisha ya wenye kisukari cha aina yangu, aina ya 1, ambapo mwili karibu hautengenezi insulini yake, ilikuwa kuwalisha kidogo mno. Daktari Frederick Allen wa Marekani alijulikana kwa tiba hiyo, na wagonjwa wake walikonda hadi mifupa kuonekana. Insulini ilikuja, lakini mazoea ya kumpima mgonjwa wema wake kwa anachojinyima yaliendelea kwa miongo mingi. Ni mwaka 1994 ambapo mwongozo wa lishe wa chama cha kisukari cha Marekani ulilegeza katazo la sukari ya mezani na kuelekeza macho kwenye jumla ya wanga unaoliwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Uingereza ambao wenye aina ya 1 walifundishwa kulinganisha insulini na chakula walichochagua wenyewe, na wastani wao wa sukari ulikuwa bora pamoja na uhuru wao wa kula. Walipewa uhuru na maarifa kwa pamoja, na hapo ndipo mafanikio yalipotoka.

Wewe hutumii insulini, kwa hiyo usijaribu kuongeza vidonge kwa sababu ya karamu. Kipimo hata hivyo kina faida ile ile kwako. Pima saa 2 baada ya kuanza kula. Kwa watu wazima wengi lengo ni kubaki chini ya milimoli 10 kwa lita, yaani miligramu 180 kwa desilita. Mlo ukiwa na mafuta mengi, sukari inaweza kuchelewa kupanda, hivyo kipimo kimoja kizuri kisikudanganye. Ukipima unajua chakula gani mwili wako unakistahimili na kwa kiasi gani, na mwaka ujao unaingia katika sikukuu ukiwa na ujuzi ambao hakuna mtu mwingine awezaye kukupa.

Mwenza alijibu:

Mimi sina kisukari, mke wangu anacho, na ninaandika kwa ajili ya ndugu wanaosoma. Mtu akiulizwa mbele ya wageni, "Wewe, hicho unaruhusiwa?", hapunguzi kula, bali anajifunza kula kwa kujificha, na kinacholiwa kwa kujificha hakipimwi wala hakisemwi kliniki. Kumshikilia kwa "onja tu, sikukuu ni leo" baada ya kukataa ni kosa la upande wa pili. Sisi tunazungumza mapema, tukiwa wawili tu: atakula nini, anataka msaada gani, na kama anataka nikae kimya. Mara nyingi anataka nikae kimya. Wenyeji wanaotaka kusaidia wahakikishe kuna mboga za kutosha na maji mezani, wasichelewe kutoa chakula kuliko saa waliyotaja, na wasimpikie peke yake sahani ya pembeni ambayo hakuiomba.

Dada, ukitaka kukataa, "asante, nimeridhika" inatosha. Huna deni la maelezo ya ugonjwa wako kwa kila meza.

Tulizo aliandika:

Nawashukuru sana, sikutegemea kusoma haya. Nimebaki na jambo moja tu: nikipima nikakuta sukari imepanda sana, nifanye nini usiku huo huo?

Muuguzi wa Kliniki alijibu:

Kunywa maji, tembea taratibu ukiwa unajisikia vizuri, meza dawa zako kwa saa na kiasi kile kile ulichoandikiwa, na mlo unaofuata uwe wa kawaida, bila kuuruka. Siku moja haiwezi kuharibu kipimo cha wastani, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120 na kipimo hicho hubeba habari za miezi miwili hadi mitatu. Karamu zinazofuatana kwa wiki nyingi zinaweza kukipandisha, na hilo ndilo la kuangalia. Ikiwa sukari itabaki milimoli 16.7 kwa lita, yaani miligramu 300 kwa desilita, au zaidi, au ukitapika, ukashikwa na kiu isiyoisha au usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali bila kungoja sikukuu iishe. Mwenye aina ya 1 asiache insulini ya msingi, ile inayofanya kazi muda mrefu, hata kama hajala chakula, na apime ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza insulini ikipungua mno, kabla ya mazoezi yoyote sukari ikiwa juu.

Andika vipimo vyote, vizuri na vibaya, pamoja na ulichokula, uje navyo kliniki. Ukija kabla ya sikukuu itakuwa bora zaidi, kwa maana daktari anaweza kukueleza jinsi ya kupanga saa za gliklazidi ikiwa chakula kitachelewa.