Gia haziingii injini ikiwa inawaka

Swali: Gari langu la gia za mkono halikubali gia yoyote injini inapowaka, ingawa nikiizima zote zinaingia bila shida. Pedali ya klachi imekuwa laini na inazama hadi chini. Je, giaboksi imekufa?

Jibu: Ndugu, usiishushe giaboksi bado; wengi huishusha bure. Kwa kuwa gia zinaingia injini ikiwa imezimwa, yaelekea klachi haiachii, yaani sahani yake inaendelea kuzungushwa na injini hata unapokanyaga pedali. Kama klachi ni ya mafuta, tazama kiwango kwenye kikopo chake (magari mengi hutumia mafuta ya breki), kisha inua zulia chini ya pedali uone kama kuna unyevu.

Muulizaji: Zulia ni kavu, lakini mafuta yamepungua na kuna matone meusi chini ya giaboksi.

Jibu: Basi ninaishuku silinda ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi (mkono unaoifanya iachie). Vua mpira wake wa vumbi. Ukikuta mafuta ndani, ibadilishe, kisha utoe hewa yote kwenye mafuta ya klachi, kwani hewa ikibaki pedali itaendelea kuzama vilevile.