Bakapu ya TB 12 kila usiku: tupitishe SAN au LAN?

mlinzi_wa_data: Wakuu, kila usiku kuna TB 12 za kuhamisha, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hifadhidata moja ina TB 9, zilizobaki ni seva ndogondogo. LAN (mtandao wa kawaida wa seva) ni ya gigabiti 1, faiba ya SAN (mtandao wa pekee wa diski na tepu) ni ya gigabiti 16, draivu ya tepu ni LTO-8 (kizazi cha 8 cha tepu za LTO) moja. Njia ipi?

kebo_buluu: Anza na hesabu, mkuu. TB 12 ndani ya saa 8 ni kama MB 417 kwa sekunde. LAN ya gigabiti 1 hata ikijikaza inatoa MB 110 hivi, yaani zaidi ya saa 30. Bakapu ya leo haijaisha, ya kesho inapiga hodi. Gigabiti 10 inatoa takriban MB 1,100, faiba yako MB 1,600.

Tofauti yenyewe ni njia. Kwenye LAN, ajenti (programu ya bakapu iliyo ndani ya seva) anasoma data, inapita kwenye TCP/IP, njia ya kawaida ya mtandao, hadi seva ya bakapu, ndipo iende kwenye tepu. Prosesa zinaliwa pande zote mbili. Kwenye SAN, seva ya hifadhidata inaiona tepu kupitia faiba na kuiandikia yenyewe. LAN inabaki na maagizo na katalogi (orodha ya vilivyohifadhiwa) tu. Ila msiidharau: LAN ikikatika kazi inakufa, hata kama faiba ni nzima.

Tepu_Mbili: Mmeisahau tepu. LTO-8 huandika MB 360 kwa sekunde bila mgandamizo, kwa hiyo TB 12 zitachukua saa 9 na robo hata ukiweka faiba ya dhahabu. Unahitaji draivu 2. Na kuilisha tepu polepole ni kosa la pili: draivu hupunguza mwendo kufuata data, lakini ina kikomo. Chini ya hapo inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, na tepu inachakaa. Data ya LAN ipite kwanza kwenye diski ya muda.

zoni_moja: Ukienda SAN, fanya hivi:
- Kila poti ya seva iwe na zoni yake (kundi la poti zinazoruhusiwa kuonana kwenye faiba) pamoja na tepu. Usirundike seva zote kwenye zoni moja.
- Diski na tepu zisitumie poti moja ya adapta (kadi ya faiba ndani ya seva).
- Kwenye Linux usitegemee `/dev/st0`, jina la draivu ya tepu. Namba hubadilika seva ikiwashwa upya. Tumia majina ya `/dev/tape/by-id/` yanayoishia na `-nst`, maana yale mengine hurudisha tepu mwanzo kila programu inapokifunga kifaa.

mashine_pepe: Kama kuna VMware (programu ya kuendesha mashine pepe), seva inayosoma diski kwa SAN iwe ya chuma, si pepe. Ikiwa ni Windows, kabla ya kuionyesha LUN (diski ya SAN) yoyote fungua `diskpart` uandike `automount disable` na `san policy=OfflineShared`, ili Windows isizishike diski hizo yenyewe. Mtu akibofya kuanzisha diski "mpya", data imeharibika. Pia soma logi: zoni ikikosewa, programu nyingi hurudi kimyakimya kwenye `nbd`, yaani LAN, na kazi bado inaonyesha kijani.

kebo_buluu: Na kurejesha je? Diski za aina ya thin (zinazochukua nafasi kadiri data inavyoongezeka) hurudi taratibu kupitia SAN. Mara nyingi LAN ya gigabiti 10 inaishinda. Pimeni pande zote mbili.

mlinzi_wa_data: Kwa hiyo zile TB 9 SAN, TB 3 zibaki LAN?

Tepu_Mbili: Ndiyo. TB 9 kwa MB 360 ni kama saa 7. TB 3 kwenye gigabiti 1 ni saa 7 na nusu, umebanwa kabisa, basi weka gigabiti 10 kwenye seva ya bakapu na kwenye swichi yake. Ukiwasha MTU 9000 (pakiti kubwa za baiti 9000 badala ya 1500), hakikisha njia nzima inakubali: `ping -M do -s 8972`. Ikigoma, kuna swichi katikati iliyobaki 1500.

zoni_moja: Angalia pia kama kuna seva yenye mamilioni ya mafaili madogo. Hapo kinachochelewesha ni kufungua faili moja moja, kwa hiyo SAN haitasaidia. Chukua snapshoti (picha ya diski ya wakati huo), usome bloku, yaani vipande vya diski badala ya faili moja moja.