Nilipunguza kilo 11 zikarudi zote. Naomba ushauri wa kubadili ulaji wa kila siku, kuhesabu kalori siwezi

MamaTunu_Mbagala:
Wakuu, habari za humu. Ni msomaji wenu wa muda mrefu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nina miaka 38, watoto watatu, nauza vitenge Kariakoo. Uzito kilo 94, urefu sentimita 162. Wiki mbili zilizopita nilipima sukari kabla sijala kitu, ikasoma 6.4. Daktari akasema hicho bado si kisukari, ila nimesimama mlangoni. Nilitoka pale miguu imeisha nguvu, kwa sababu mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha kidonda.

Mwaka juzi nilijaribu kupungua. Nikapewa ratiba: asubuhi maji moto na ndimu, mchana mayai mawili, usiku tango na parachichi. Ugali marufuku, wali marufuku. Kwa miezi miwili nikatoka kilo 91 hadi 80. Sokoni wakaanza kuniuliza kama naumwa. Ikaja Idi, nikala pilau, kesho yake nikala tena, basi kamba ikakatika. Sasa niko juu kuliko nilipoanzia.

Nikajaribu pia programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Inataka gramu za kila kitu. Napika sufuria moja ya watu watano, gramu za mchuzi ulioingia sahanini kwangu nitazijulia wapi? Siku ya nne nikaifuta.

Siku yangu iko hivi. Saa kumi na moja alfajiri chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, maandazi mawili. Saa nne chai nyingine ya vijiko vitatu na chapati mbili. Mchana wali maharage wa mamantilie au chipsi mayai, na soda moja kwa ajili ya joto. Jioni nikielekea kituoni, juisi ya miwa. Nafika nyumbani saa mbili, napika huku naonja, tunakula saa tatu na nusu. Ugali wangu unakuwa mkubwa kwa sababu ya uchovu, na watoto wakibakiza namalizia, chakula kukimwaga siwezi.

Nataka kitu nitakachoweza kukifanya mpaka uzeeni. Nianzie wapi?

SatoWaZiwa:
Dada, futa wanga wote. Ugali, wali, viazi, chapati, yote. Mimi niko kwenye nyama, samaki na mboga tu, mwezi wa tano huu, nimetoa kilo 17. Hakuna njia ya mkato zaidi ya hiyo.

NesiWaZamu:
Mama Tunu, pole sana kwa mama. Naelewa hofu yako, na nakuomba uitumie hofu hiyo taratibu, isikukimbize tena kwenye ndimu na tango.

SatoWaZiwa hongera kwa ulipofika, lakini mwenzetu ameshaeleza kwamba hilo alilifanya na likamrudi. Mwili ukinyimwa ghafla huona kama njaa imeingia nchini. Unapunguza matumizi yake na kuongeza hamu ya kula, na hali hiyo huendelea muda mrefu hata baada ya kilo kutoka. Kwa hiyo Idi haikumwangusha. Aliangushwa na ratiba ambayo isingeweza kuishi ndani ya nyumba yenye watoto watatu na sufuria moja.

Sasa tazama siku yako vizuri. Kabla hatujagusa ugali, hesabu vijiko vya sukari tu. Chai mbili ni vijiko 6. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 9 hivi vya chai. Hapo tayari ni 15, na juisi ya miwa sijaiweka, nayo ni maji ya sukari matupu hata kama hakuna aliyetia sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ishuke chini ya gramu 25, yaani vijiko 6. Wewe unavimaliza kwa chai tu kabla ya chakula cha mchana. Na kinywaji hakishibishi. Soda haijakuondolea hata tonge moja la ugali wa usiku.

Kwa hiyo anzia kwenye vinywaji, na usianze na kingine chochote kwa wiki tatu. Chai shusha nusu kijiko kila wiki. Ulimi unazoea, ukifika kijiko kimoja ile chai ya zamani itakuchefua. Soda ya mchana weka maji ya baridi, beba chupa yako kutoka nyumbani. Juisi ya miwa badili njia ya kwenda kituoni usipite pale, kwa sababu mtu aliyechoka hashindani na mtambo wa miwa unaozunguka mbele yake.

Kuhusu hiyo 6.4 yako: kuanzia 7.0 ndipo tunaita kisukari, na hata hapo tunarudia kipimo. Walioko kwenye nafasi kama yako walichunguzwa Marekani katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002. Waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwako asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Huhitaji kufika kilo 60 ndipo upone hofu.

Neno kwa wengine wanaosoma: kama tayari unameza dawa za kisukari au unachoma insulini, usiruke mlo wala kukata wanga kwa kusoma uzi. Sukari inaweza kushuka ukaanguka. Ongea na kliniki yako kwanza.

Mamalishe_Ubungo:
Dada yangu, mimi napika na kuuza, nakwambia ya jikoni. Wali wetu tunautia mafuta ya kutosha usishikane na uwe na mng'ao, mteja anapenda hivyo. Maharage yanaungwa kwa mafuta yanayoelea juu. Chipsi mayai ndiyo usiseme, viazi vimeshakunywa mafuta kwenye karai, kisha kwenye kikaango yanaongezwa mengine.

Lakini ujue mteja akisema, tunasikia. Mwambie mama anayekuuzia: "Niwekee wali nusu, maharage zidisha, mchicha zidisha, mchuzi wa juu usinichotee." Bei itabaki ileile na hakuna atakayekukasirikia. Nina wateja wa hivyo wawili watatu, siku hizi hata hawasemi, nikiwaona tu najua. Au siku mbili tatu kwa wiki beba hotpoti.

Na nikuulize, nyumbani kwako dumu la lita 5 la mafuta linakaa siku ngapi?

MamaTunu_Mbagala:
Nesi, nimesoma jibu lako mara tatu, nikalia kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba haikuwa udhaifu wangu.

Mamalishe, dumu halifiki wiki tatu. Siku ishirini hivi.

Mamalishe_Ubungo:
Lita 5 kwa siku 20 kwa watu watano ni mililita 50 kila mtu kila siku, zaidi ya vijiko vitatu vya chakula. Hapo na watoto wanahesabiwa sawa na wewe, na sijaweka ya chapati na ya kwangu mimi mamantilie. Kosa kubwa ni kumimina kutoka kwenye dumu. Weka kijiko kikubwa ndani ya kabati karibu na dumu, kila mboga chota, usimimine. Vijiko viwili vinatosha kabisa kuunga mchicha wa watu watano kama kitunguu umekipa muda na moto si mkali.

Gramu achana nazo. Andika kwa kalamu juu ya dumu tarehe uliyolifungua. Likikaa mwezi na zaidi, ujue umefika mahali.

Shangazi_Tanga:
Mwanangu, mimi nina miaka 61 na nilikuwa na mwili kukuzidi. La kumalizia vyakula vya watoto nalijua vizuri. Tumbo lako si kapu la mabaki. Wapakulie kidogo, anayetaka zaidi aombe. Ugali ukibaki ufunike, asubuhi ule kiporo na maharage ya jana badala ya yale maandazi. Utakaa mpaka saa sita bila kutafuta chapati. Maandazi ya alfajiri yanakuamshia njaa saa nne, jichunguze uone.

Ukiweza kupata unga wa dona, tumia dona. Unabaki na pumba na kiini cha mahindi, tonge lake linakaa tumboni kuliko sembe. Watoto watalalamika wiki ya kwanza, changanya nusu kwa nusu.

Na watu wakikuuliza kama unaumwa, jibu moja tu: "Nimzima, namshukuru Mungu, nafuata ushauri wa daktari." Usijitetee. Kwetu mwili mnene ni dalili ya kutunzwa, ukipungua wanaona aibu kwa mumeo. Basi mumeo mwambie mapema, asije akawa wa kwanza kukuongezea mnofu sahanini kwa upendo.

Muuzaji mpya:
Nina chai ya kuyeyusha mafuta ya tumbo, kilo 7 kwa wiki, njoo inbox.

NesiWaZamu:
Mama Tunu, hiyo usiende. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Kinachopungua ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale. Nimeshawapokea watu wamefika wodini wamelegea kwa kupoteza maji na chumvi za mwili.

Dereva_Nyanda:
Mimi ni wa magari makubwa, usiku kucha barabarani. Kilichonisaidia ni kimoja: kutokula ndani ya gari. Nikitaka kula nasimama, nanawa, nakaa chini. Karanga, biskuti na soda za njiani zilikufa zenyewe. Tumbo limeingia matundu mawili ya mkanda.

Mpwani_Kisauni:
Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Sisi huku tumelelewa kwa mahamri na mbaazi za nazi, na sikuacha. Nilikuwa nala mahamri manne na bakuli dogo la mbaazi. Sasa nala hamri moja, bakuli la mbaazi limekuwa kubwa, na tui ni jepesi, lile zito namwekea mama watoto apikie siku ya wageni. Ladha ipo.

La pili ni sahani. Tulikuwa twala kwenye sinia, na kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono wafuata mikono ya wenzio. Sinia tumeliacha kwa Ijumaa. Siku nyingine kila mtu na sahani yake, nusu mboga, robo samaki au kunde, robo wali. Nimemaliza, nangoja kiasi cha dakika ishirini kabla ya kuongeza, kwa kuwa tumbo huchelewa kupeleka habari. Mara nyingi sirudi. Na lile agizo la Mtume la theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, sote twalijua tangu chuoni. Mimi nilianza kulifuata nikiwa na miaka 45.

SatoWaZiwa:
Nimesoma yote. Kusema kweli nami wiki iliyopita nilikula ugali msibani na nilishindwa kusimama. Naufuatilia huu uzi.

MamaTunu_Mbagala:
Wakuu, nimerudi. Leo ni wiki ya 11.

Wiki tatu za kwanza nilifanya vinywaji tu, kama Nesi alivyosema. Chai sasa ni kijiko kimoja. Soda niliacha kwa shida sana, siku ya tano kichwa kiliuma na nikawa mkali kwa wateja, wiki ya pili kikatulia. Njia ya kwenda kituoni nimebadili.

Kisha nikahamia kiporo cha asubuhi. Shangazi ulisema kweli, njaa ya saa nne ilikuwa ya maandazi. Mamantilie wangu alicheka mara ya kwanza nilipomwambia wali nusu, siku hizi ananiwekea matembele yanajaa sahani. Dona watoto wamekubali nusu kwa nusu, zaidi ya hapo wamegoma. Nashuka kituo kimoja kabla ya changu jioni, natembea kama dakika 25.

Yaliyonishinda ni mawili. Kula mapema sijaweza, bado ni saa tatu. Na kuonja: nikipika mchuzi wa samaki mkono unakwenda wenyewe. Nimeanza kutafuna kipande cha karoti nikiwa jikoni, inasaidia nusu.

Mzani unasoma 88.6. Kiuno kwa tepu ya fundi kilikuwa 109, sasa 102. Sukari juzi 5.7, daktari akanishika mkono. Dumu nililofungua mwezi uliopita limekaa siku 36.

Swali langu sasa ni Ramadhani. Futari yetu ni magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wa sukari, vyote siku moja, na mama mkwe atakuwa kwangu. Nifanyeje nisivunje nilichojenga wala nisimvunjie heshima?

Mpwani_Kisauni:
Mashallah dadangu. Fungua kwa tende tatu na maji, kisha simama ukaswali Magharibi kwanza, usikae kwenye mkeka. Ukirudi ile pupa imeshapoa. Anza na uji, na huo uji upike wewe, tia pilipili manga na sukari kidogo. Chagua kimoja kati ya magimbi na tambi, si vyote. Kaimati ziwe za siku ya Ijumaa. Na mama mkwe mpe kazi ya kupakua, mwambie, "Mama, daktari amenipimia, nakuomba wewe ndiwe unilinde." Wangu nilimwambia hivyo, mwezi mzima alikuwa akiitazama sahani yangu kuliko mimi.