Aliandika tumhurumie mhamiaji, watu wakaihurumia nyama. Kitabu hiki kilifaulu?

Fundi wa Barabara ya Nane

Habari zenu wakuu. Mimi fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ina kungoja kwingi, gundi ikauke, mteja akatafute hela, kwa hiyo husoma. Safari hii nimemaliza The Jungle ya Upton Sinclair, kwa Kiingereza, kamusi ndani ya sanduku la spana. Miezi miwili na ushei.

Kwa asiyekijua, kilitoka 1906. Jurgis Rudkus, kijana wa Lithuania mwenye nguvu zake, anahamia Chicago na mchumba wake Ona na jamaa zao, wanaingia kwenye kazi za machinjio na viwanda vya nyama. Kila wanachoshika kinawaponyoka. Nyumba inakwenda, Ona anafia uzazini, mtoto wao anazama barabarani penye maji.

Ila mimi niliganda mwanzoni kabisa, kwenye harusi. Kwa mila yao wageni hula, kisha kila mwanamume hucheza na bibi harusi na kutoa chochote, gharama irudi. Pale Chicago vijana wanajaza tumbo na kuyeyuka. Gharama ni dola 200, pengine 300, na wengi mle ukumbini hawazioni 300 kwa mwaka mzima. Nilicheka peke yangu kibandani. Nilipomwoza binti yangu daftari la michango lilikuwa na majina 64. Hadi leo 19 wana ahadi tu, na pilau walikula. Baadhi yao nawazibia pancha.

Swali langu. Sinclair alitaka watu wamwone kibarua. Wasomaji wakaona panya ndani ya soseji. Mwenyewe alilalamika kwamba alilenga moyo wa watu akawapiga tumboni. Sasa kitabu cha namna hiyo tuseme kilifaulu au kilianguka? Na mbona sura za mwisho Jurgis anakaa kimya kabisa akisikiliza hotuba za ujamaa?

Nina sababu ya kuuliza. Babu yangu aliletwa huku kama manamba, kutoka Kasulu, akate mkonge. Tanga wanasema waja leo, kuondoka majaliwa. Yeye hakujaliwa, kaburi lake liko njia ya Muheza. Nataka kumwandika. Sasa nikimwandika, ni ili nani afanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Fundi, hizo hotuba ndiyo kazi aliyotumwa. Gazeti la kijamaa, Appeal to Reason, lilimgharamia mwaka 1904 akakae Chicago, akakaa wiki 7 akizunguka na vibarua. Hadithi ikaanza kutoka gazetini 1905. Wasomaji wa gazeti lile walikuwa wenzake tayari, hakuwa na haja ya kuwabembeleza.

Kilipotoka kama kitabu kikaangukia mikononi mwa wanunuzi wa nyama za kopo. Hao hawakuwa na shangazi machinjioni, walikuwa na chakula mezani. Rais Roosevelt akatuma wakaguzi wawili, Neill na Reynolds, nao wakakuta uchafu wa kweli. Tarehe 30 Juni 1906 zikasainiwa sheria mbili, ya ukaguzi wa nyama na ya vyakula na dawa. Mshahara wa Jurgis haukuguswa hata senti.

Mimi nakipa nusu. Mwandishi hamchagui msomaji wake. Hata barua ukiandika, hujui nani ataifungua.

Boda wa Mabanda ya Papa

Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Fundi. Kitabu sijakisoma, Fundi alinisimulia ile ya nyumba: dola 1,500, kianzio 300, kila mwezi 12, wanalipa, wanalipa, ndipo bibi jirani anawaambia kuna na riba ndani ya karatasi.

Hiyo ni pikipiki ya mkataba! Mimi hesabu ilikuwa 10,000 kwa siku, miezi 15, kisha chombo changu. Mwezi wa 13 tajiri akatoa faini za siku nilizochelewesha, tangu mwezi wa kwanza, alikuwa anaandika tu kimyakimya. Chombo akachukua. Ile karatasi niliisainia juu ya tangi la mafuta, abiria ananisubiri.

Mtu akiniandika asinililie. Aiweke ile karatasi yote, mstari kwa mstari, mwingine aisome kabla hajasaini.

Mama Singa

Kaka Fundi, mimi nitawapinga wote. Mama yangu alikuwa akianika singa, ule uzi mweupe unaotoka kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, mikono yake ilikuwa inawasha mpaka anakuwa mtu mzima. Lakini nikimkumbuka namkumbuka akisengenya. Alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu!

Kitabu hicho nilikiazima nikakiacha katikati. Baada ya ile harusi mwandishi hakumpa Jurgis hata siku moja ya kucheka vizuri. Mtu anapigwa kurasa mia na kitu bila kupumua, mwishowe unafanya ganzi, humwoni tena. Si ajabu watu walitoka mle na soseji tu kichwani. Babu yako alikuwa mchoyo? Alikuwa mlevi? Tuambie hayo kwanza.

Fundi wa Barabara ya Nane

Dada, umenitoa kijasho. Mwalimu, ahsante kwa tarehe. Dogo, ile karatasi kama unayo bado, niletee.

Nina kipande cha babu, kile kikadi cha kazi. Siku 30 zikitimia ndipo unalipwa, na kila siku ina kisanduku chake. Cha babu kimetiwa alama 27. Vitatu viko wazi. Bibi alituambia aliumwa homa. Shangazi anacheka, anasema homa gani, alikuja mjini kwenye ngoma na viatu vya kuazima, akarudi na kiatu kimoja.

Nafikiri naanzia na hivyo visanduku vitatu. Kuna mwenye mzee nyumbani anayekumbuka ngoma za Ngamiani kabla ya uhuru, zilikuwa zinapigwa mtaa gani? Niko kibandani mpaka saa 12 jioni, Ijumaa nafunga mapema.